Wataalamu wa ubongo: Twawafunza, kisha twawaachia wafadhili

KIJANA wa Kenya anayetaka kuwa mtafiti wa ubongo na neva ana mengi ya kumtia moyo leo kuliko mwenzake wa mwaka wa 1993, wakati chama cha wanasayansi wa fani hiyo barani Afrika, SONA, kilipoasisiwa jijini Nairobi. Siku hizi zipo kozi fupi za kanda, zipo ruzuku za shirika la kimataifa la IBRO, na ipo miradi inayowalipia wanagenzi karo ya uzamili na uzamifu. Kinachokosekana ni kazi baada ya mradi kwisha.

Hali hii yaonekana wazi zaidi Kilifi, ambako Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu nchini (KEMRI) na shirika la Wellcome la Uingereza wamekuwa na kituo tangu mwaka wa 1989. Watafiti walienda huko kuchunguza malaria. Wodini wakabaini kwamba baadhi ya watoto waliopona malaria ya ubongo walibaki na kifafa, au walipata shida ya kusema na kujifunza. Hivyo utafiti wa ubongo ukaota mizizi Pwani kwa sababu maswali yalikuwa kitandani mwa mgonjwa.

Maswali hayo yalizaa matunda. Vipimo vya ukuaji wa mtoto vilivyotungwa ng'ambo aghalabu humpima mtoto wa kijijini kwa vitu asivyopata kuviona. Kwa hiyo mtafiti Mkenya Amina Abubakar, ambaye baadaye alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Aga Khan, alishirikiana na wenzake kutunga kipimo cha Kilifi cha kuchunguza jinsi mtoto anavyotumia macho na mikono na anavyojimudu mwendo. Utafiti mwingine wa huko ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya wenye kifafa hawakuwa wakitumia dawa ipasavyo. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni umbali wa kituo cha afya, gharama na imani za watu kuhusu matibabu ya hospitali. Maabara ya Boston haiwezi kuyachunguza mambo kama hayo ikiwa mbali.

Mradi mkubwa zaidi wa miaka ya karibuni ni ule wa NeuroGAP, unaotafuta asili ya kijenetiki ya magonjwa makali ya akili kama vile skizofrenia. Eldoret na Kilifi zilishiriki pamoja na vituo vya Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini, na zaidi ya watu 40,000 wakakubali kutoa mate yao yachunguzwe. Uchanganuzi wa jeni ulifanyiwa Marekani. Sifa moja ya mradi huo, ambayo kwa maoni yangu haijapewa uzito unaostahili, ni kwamba uliambatana na mafunzo ya kuwawezesha wanasayansi chipukizi wa Afrika kuchanganua data wenyewe. Mwanagenzi aliyefundishwa kukusanya mate tu atabaki mkusanyaji, ilhali anayejua kuzisoma takwimu anaweza kuuliza swali lake mwenyewe.

Hata hivyo, swali hilo lahitaji fedha. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2021 katika jarida la Nature Communications ulipitia makala 5,219 za sayansi ya ubongo zilizotoka Afrika kati ya 1996 na 2017. Sehemu kubwa ilitoka Misri, Afrika Kusini na Nigeria, na ufadhili wa kutoka nje, hasa Marekani na Ulaya, ulikuwa na nafasi kubwa.

Hatari ya utegemezi huo ilijitokeza Mei 2025. Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani (NIH) zilitangaza kuwa zingesitisha utoaji wa ruzuku mpya zenye mafungu ya nchi za kigeni hadi utaratibu mpya uundwe. Mafungu hayo ndiyo njia ambayo chuo cha Marekani hupokea fedha kisha kikaipa taasisi ya Kenya sehemu yake. Profesa mwenye ajira ya kudumu huenda akavumilia ucheleweshaji, lakini mwanagenzi mwenye mkataba wa mwaka mmoja hana subira ya aina hiyo.

Serikali yetu nayo ina sheria nzuri. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya mwaka wa 2013 yasema asilimia mbili ya Pato la Taifa itengewe utafiti kila mwaka. Kiwango hicho hakijawahi kukaribiwa. Vyuo vikuu vya umma, ambako kijana huyu angetarajia kuajiriwa, vilifungwa kwa mgomo wa wahadhiri wa siku 49 mwaka wa 2025, wakidai malimbikizo ya Sh7.9 bilioni ya mkataba wa 2017-2021.

Si kila utafiti wahitaji mashine ya mamilioni. Shirika la TReND lilianza kwa kuwafundisha wanasayansi chipukizi huko Ishaka, Uganda, kutumia nzi wa matunda, ambaye neva zake zafundisha mengi na malezi yake ni ya bei nafuu. Katika kituo cha ICIPE, Nairobi, wataalamu walichunguza jinsi mbung'o anavyotambua harufu. Waligundua kuwa harufu ya kuro humfukuza, na wafugaji wa Kwale wakaifunga shingoni mwa ng'ombe wao. Hiyo pia ni sayansi ya neva, ingawa wafugaji huenda wasiiite hivyo.

Mwanagenzi anayepewa mkataba leo na aulize mapema iwapo atafundishwa uchanganuzi, data itamilikiwa na nani, na jina lake litakaa wapi katika makala. Lakini swali la mshahara wa baada ya uzamifu hawezi kulitatua peke yake. Hazina ya Kitaifa ya Utafiti hufadhili miradi. Ingetenga hata nafasi chache za miaka mitatu au minne kwa waliohitimu, wenye maswali yao wenyewe, mtafiti wa kifafa wa Kilifi hangelazimika kungoja barua kutoka Washington ili ajue kama mwezi ujao atakuwa kazini.