Kutangulia Si Kufika

Jumapili moja baada ya chakula cha mchana, mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo kikuu, alinisogezea simu yake karibu na uso. "Mjomba, hebu tazama maajabu haya," akasema. Nikavaa miwani na kutazama. Mtoto wa miaka tisa, kofia ngumu kichwani na gongo mkononi, alikuwa akiteleza juu ya barafu kuelekea langoni. Mara akakinyanyua kisahani cha mchezo kwa ubapa wa gongo lake, akazunguka kama pia, kisha akakivurumisha wavuni. Mlinda lango aliachwa akishangaa, nao umati ukalipuka kwa shangwe.

"Huyu lazima awe mfalme wa mchezo huu," mpwa wangu akatoa hukumu.

"Hukumu yako imechelewa," nikamjibu. "Mtoto huyo ni mtu mzima sasa."

Anaitwa Oliver Wahlstrom. Alifunga bao hilo mwaka 2009 mjini Boston, Marekani, na picha zake zikazunguka dunia nzima. Mwaka 2018 aliteuliwa wa 11 kujiunga na klabu ya New York Islanders. Desemba 2024 klabu hiyo ilimwachilia, akachukuliwa na Boston Bruins, klabu ya mji ule ule alikoshangiliwa akiwa mtoto. Si haba. Kucheza katika ligi kuu ya NHL, hata mchezo mmoja, ni jambo ambalo maelfu ya vijana huliota na kulikosa. Lakini mfalme hakuwa.

Wahenga walituambia kwamba nyota njema huonekana asubuhi. Hawakutuambia kwamba kila king'aacho asubuhi ni nyota. Kingine ni umande tu, na jua likipanda hukauka.

Hakuna mahali ambapo jambo hili linaonekana wazi kama nchini Kanada. Kule, magongo ya barafuni si mchezo tu, ni kama dini. Wakati wa baridi kali baba humwaga maji nyuma ya nyumba, yakaganda, na watoto wakapata uwanja. Mtoto wa miaka mitano au sita tayari ana timu. Mama humwamsha alfajiri kumpeleka mazoezini, na baba hulipia viatu vya kutelezea, magongo, kofia, safari na makocha. Mjini Quebec kuna mashindano ya watoto yaliyoanzishwa mwaka 1960, ambako wavulana wa miaka 11 na 12 hucheza mbele ya maelfu ya watazamaji. Mtoto ambaye sauti yake haijavunjika huombwa kutia sahihi vitabuni kama mtu mashuhuri. Katika hali hiyo, si ajabu kila baada ya miaka michache kusikia kwamba "Gretzky mpya" amezaliwa.

Hebu tumwangalie mmoja wa hao Gretzky wapya.

Kila mwaka klabu za NHL hukutana na kuteua kwa zamu vijana wa umri wa miaka 18 hivi. Kuteuliwa wa kwanza ni kama kuwa nambari moja katika mtihani wa kitaifa hapa kwetu. Mwaka 1993 aliyeteuliwa wa kwanza alikuwa Alexandre Daigle, kijana mtanashati kutoka jimbo la Quebec. Klabu ya Ottawa Senators, ambayo msimu uliotangulia ilishinda michezo 10 tu kati ya 84, ilimwona kama mkombozi. Ilimpa mkataba wa miaka mitano wenye thamani ya dola milioni 12.25 za Kimarekani kabla hajacheza hata dakika moja katika ligi hiyo. Kijana mwenyewe, kwa kulewa sifa, alisema anafurahi kuwa wa kwanza kwa sababu hakuna anayemkumbuka nambari mbili.

Basi nambari mbili alikuwa nani? Alikuwa beki mrefu aitwaye Chris Pronger. Mwaka 2000 huyo nambari mbili alitunukiwa tuzo ya mchezaji bora wa ligi nzima na tuzo ya beki bora kwa pamoja. Mwaka 2007 alitwaa Kombe la Stanley akiwa na Anaheim, na mwaka 2015 akaingizwa katika Jumba la Mashujaa wa mchezo huo. Daigle alicheza michezo 616, akafunga mabao 129, akahama klabu baada ya klabu, na mwaka 2000 akaupa mchezo kisogo kwa muda. Alirejea baadaye na kumalizia safari yake Ulaya.

Wengi humcheka Daigle na kusema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi simcheki. Mabao 129 si dhambi. Kama angeteuliwa wa 60 angesifiwa kwa kujitahidi. Kosa lililomwandama maisha yake ni kwamba hakuwa yule mtu ambaye wakubwa walikuwa wamewaahidi mashabiki. Ahadi waliitoa wao, deni akalipa kijana wa miaka 18. Wenye klabu nao walishtuka kwa kile walichokifanya, kwani katika makubaliano mapya ya ligi ya mwaka 1995 waliweka kikomo kwa mishahara ya wachezaji wanaoanza.

Sasa nisikilizeni vizuri, wazazi wenzangu. Daigle alizaliwa Februari 1975. Mwezi Juni wa mwaka huo huo, katika jimbo hilo hilo la Quebec, alizaliwa mtoto mwingine aitwaye Martin St. Louis. Huyu alikuwa mfupi. Hata alipokuwa mtu mzima kimo chake kilikuwa sentimita 173 hivi, na katika mchezo wa kugongana hicho ni kimo cha kuhurumiwa. Siku ya uteuzi hakuna klabu iliyomtaja, si ya kwanza wala ya mwisho. Alikwenda chuo kikuu huko Vermont, akapita katika ligi ndogo, akapewa nafasi na Calgary na kisha akaachwa. Tampa Bay walimchukua mwaka 2000. Mwaka 2004 aliongoza ligi nzima kwa pointi, akatuzwa kuwa mchezaji bora, na akabeba Kombe la Stanley. Naye yumo katika Jumba la Mashujaa tangu mwaka 2018.

Je, wasaka vipaji walikuwa vipofu? La hasha. Walikuwa na macho, ila jicho hudanganywa na kimo, na kimo hudanganywa na kalenda.

Katika miaka ya 1980, mwanasaikolojia Roger Barnsley alikuwa ameketi na mkewe Paula wakitazama mechi ya vijana mjini Lethbridge, jimbo la Alberta. Mke alikuwa akisoma kijitabu cha majina ya wachezaji na tarehe zao za kuzaliwa. Akamwuliza mumewe kama ameona kwamba wengi wao wamezaliwa Januari, Februari na Machi. Barnsley akaanza kuhesabu, na mwaka 1985 yeye na wenzake wakachapisha utafiti wao. Katika timu bora za vijana, takriban 40 kwa kila 100 walikuwa wamezaliwa katika miezi mitatu ya kwanza ya mwaka, na wapatao 10 tu katika miezi mitatu ya mwisho.

Sababu yake ni nyepesi. Watoto hupangwa kwa mwaka wa kuzaliwa, kuanzia Januari mosi. Mtoto wa Januari na wa Desemba huwekwa timu moja, ingawa mmoja amemzidi mwenzake karibu mwaka mzima. Kwa watu wa miaka 40 mwaka mmoja si kitu. Kwa watoto wa miaka tisa ni tofauti ya kimo, ya nguvu, hata ya kuelewa maagizo. Kocha humwona mkubwa akasema ana kipaji. Mkubwa huingizwa katika timu ya wateule, hupewa kocha mzuri na mazoezi mara mbili zaidi, na baada ya miaka mitatu huwa kweli ni bora. Yule wa Desemba huambiwa hajaweza, akatundika viatu vyake ukutani. Huenda hakukosa kipaji, alikosa miezi kadhaa tu. Nani atamrudishia nafasi yake?

Mtaniuliza, na Gretzky mwenyewe je? Si alisifiwa tangu utotoni, na sifa zikawa kweli? Naam. Wayne Gretzky wa mji wa Brantford alipokuwa na miaka 10 alifunga mabao 378 katika msimu mmoja. Hata huyu alizaliwa Januari, tarehe 26, mwaka 1961. Lakini alipoanza akiwa na miaka sita, aliwekwa pamoja na wavulana wa miaka 10, na msimu huo wote alifunga bao moja tu. Msimu uliofuata mabao 27, kisha 104, kisha 196, ndipo 378. Hakuwa mkubwa aliyewaonea wadogo, bali mdogo aliyejifunza kuwazidi wakubwa kwa akili.

Tena, Gretzky alilipia sifa hizo. Baadhi ya wazazi wa Brantford walimwonea kijicho kiasi cha kumzomea uwanjani. Fikirini, watu wazima wakimzomea mtoto wa watu! Alipotimia miaka 14 ilimbidi kuhama nyumbani kwao akaishi na familia nyingine huko Toronto, ili apate kucheza kwa amani. Ikiwa hiyo ndiyo bei aliyolipa yule ambaye sifa zake zilikuwa za kweli, wale wa sifa za uongo hulipa ngapi?

Hata wataalamu wanaochunguza kwa makini hukosea. Ligi kubwa za vijana nchini Kanada kwa kawaida huwapokea wavulana wanapofikisha miaka 16. Tangu mwaka 2005 kumekuwa na utaratibu wa kumruhusu wa miaka 15 mwenye kipaji kisicho cha kawaida, baada ya kupimwa uchezaji, masomo na tabia. Saba wa kwanza kupewa ruhusa hiyo ni John Tavares, Aaron Ekblad, Connor McDavid, Sean Day, Joe Veleno, Shane Wright na Connor Bedard. Tavares, Ekblad, McDavid na Bedard baadaye waliteuliwa wa kwanza na NHL. Lakini Wright, aliyetazamiwa kuwa wa kwanza mwaka 2022, aliteuliwa wa nne. Veleno alikuwa wa 30, naye Day wa 81. Hao walipimwa na watu wenye ujuzi wakiwa na miaka 15. Mtoto wa miaka tisa anayepimwa na mjomba mwenye simu tutasema nini juu yake?

Kwa hiyo, ukisikia sifa za mtoto, usikatae wala usikubali upesi. Uliza maswali.

Kwanza, amezaliwa mwezi gani, na mwili wake umekwisha kubalehe? Mvulana wa miaka 13 mwenye ndevu akiwaangusha wenzake wasio nazo, hapo zimeshinda ndevu.

Pili, anacheza na nani? Mabao mengi dhidi ya wanyonge ni hesabu ya wanyonge. Mtazame siku anapokutana na waliomzidi.

Tatu, anayemsifu anauza nini? Kuna mwenye shule ya mazoezi anayetaka karo, wakala anayetaka mkataba, mwandishi anayetaka gazeti linunuliwe. Sisi waandishi hatuna mikono safi katika jambo hili.

Nne, mtoto mwenyewe hufanya nini anapokosa? Na je, huchukua gongo lake wakati hakuna anayemtazama?

Na sisi wa Nairobi tusidhani haya ni ya wenye theluji tu. Mwaka 2005 ukumbi wa barafu ulifunguliwa katika hoteli moja kwenye barabara ya Mombasa, na humo ikazaliwa timu ya Kenya Ice Lions. Mwaka 2018 vijana hao walialikwa Kanada wakacheza pamoja na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, na mwaka 2024 Kenya ikakubaliwa katika shirikisho la kimataifa la mchezo huo. Hakuna mpelelezi wa vipaji aliyewaahidi lolote walipoanza kuanguka na kuinuka pale. Waliupenda mchezo, basi. Siku moja atatokea mtoto wetu wa kuteleza kama umeme, nasi tutashikwa na hamu ya kumwita Crosby wa Nairobi. Tumwite kwa jina alilopewa na mamaye.

Maana yanayotendeka juu ya barafu ya Kanada hutendeka pia sebuleni kwetu. Tuna mtoto tuliyemwita "daktari" tangu darasa la tatu kwa kuwa aliongoza mtihani mmoja. Tuna na ndugu yake, aliyezaliwa Desemba, ambaye tumekwisha mkatia tamaa. Wa kwanza tumembebesha mzigo, wa pili tumemnyang'anya nafasi. Wote wawili tumewahukumu kabla ya jua kupanda.

Mpwa wangu alinyamaza kwa muda, kisha akaurudia ule mkanda. "Lakini Mjomba," akasema, "bao lenyewe lilikuwa tamu."

Hapo nilimkubalia. Lilikuwa tamu kweli, na mtoto aliyelifunga alikuwa na miaka tisa. Inatosha kumpigia makofi kwa bao hilo, halafu umwache aende akanywe maziwa yake.