Trekta Si Basi

Ndugu wakulima, trekta ni la kulima na kuvuta mizigo. Kiti chake ni kimoja, cha dereva. Lakini msimu wa kilimo ukifika, tunaona watoto wamekaa juu ya madigadi. Gurudumu likiingia shimoni, mtoto huanguka mbele ya tairi la nyuma. Dereva hawahi kusimama.

Kwenye mteremko trekta hupinduka upesi. Mwaka 1959 Sweden iliamuru matrekta mapya yawe na fremu ya chuma. Vifo vilipungua sana. Lakini fremu humkinga dereva, haimkingi aliyepanda pembeni.

Kwa maoni yetu, kumnyima mtu lifti ya trekta si roho mbaya. Dereva, kataa. Mzazi, mkataze mtoto. Halmashauri ya kijiji, pigeni marufuku. Twende shambani kwa miguu, turudi wazima.