Kichanga Anasoma Shule Gani?

Makamanda, leo katiba mpya isubiri kidogo. Nataka tuongelee moyo wa mtoto.

Mpwa wangu alizaliwa salama, tukashangilia. Wiki ya pili akaanza kuhema mbiombio. Ananyonya kidogo anaachia, jasho linamtoka. Kituo cha kwanza wakasema nimonia. Cha pili, nimonia. Sindano juu ya sindano, nafuu hakuna. Midomo ilipogeuka bluu ndipo tukaambiwa tumkimbize Dar es Salaam.

Kipimo cha eko, yaani altrasaundi ya moyo, kikatoa jibu. Mishipa minne inayorudisha damu yenye oksijeni kutoka mapafuni ilikuwa inamwaga upande wa kulia wa moyo badala ya kushoto. Alikuwa anaishi kwa sababu ya tundu tu lililo kati ya vyumba vya juu vya moyo.

Ugonjwa huu ni nadra, sikatai. Lakini ukijumlisha kasoro zote za moyo za kuzaliwa, ni karibu mtoto 1 kati ya 100. Na upasuaji wa moyo kwa watoto unafanyika hapa hapa nchini, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pale Muhimbili. Madaktari wale tunawapa heko. Shida ni safari ya kuwafikia.

Kuna kifaa kidogo kinachosoma oksijeni kwenye damu. Kichanga akitimiza saa 24, unamfunga mkono wa kulia, kisha mguu, dakika chache umemaliza. Ikisoma chini ya asilimia 95, rudia kupima na utafute sababu. Hakinasi kila kasoro, lakini kinakuamsha mapema. Kwa nini isiwe lazima kila mtoto apimwe kabla mama hajaruhusiwa kurudi nyumbani?

Badala yake tuliona nini? Mwaka 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja kwenye Toto Afya Kadi ulisitishwa, wazazi wakaambiwa watoto wasajiliwe kupitia shule. Jamani, kichanga wa wiki tatu anasoma shule gani?

Mwaka 2001, Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi asilimia 15 ya bajeti iende kwenye afya. Muulize mbunge wako ahadi hiyo imefikia wapi. Muulize pia zahanati ya kata yako ina kifaa hicho au haina.

Mpwa wangu alifika kwa wakati. Wangapi walizikwa huku tukiambiwa ni nimonia?

Mapambano yanaendelea.