Kalenda Haichagui Kitabu

Kila mwisho wa mwezi, katika madarasa ya chekechea huku kwetu Mwika, kuna kasherehe. Waliozaliwa mwezi huo wanaimbiwa, inakatwa keki au yanagawiwa maandazi kulingana na hali ya mifuko, sikukuu iliyo karibu inatajwa, halafu mtu mzima anakaa mbele na kitabu cha picha na kuwasomea watoto kwa sauti. Mimi ni mmoja wa hao watu wazima. Nimealikwa kusoma Mwika Kaskazini, nimealikwa Mwika Kusini, na watoto wameshazoea kuniita babu msomaji. Kwa hiyo ugomvi ninaouleta hapa si wa kusikia. Vitabu vya siku hizi vinachaguliwa vibaya. Na tusikimbilie kusema ni umaskini. Vinachaguliwa vibaya kwa sababu anayechagua hamwangalii mtoto, anaangalia kalenda.

Utaratibu wenyewe mnaujua. Machi 8 ni Siku ya Wanawake, basi kitafutwe kitabu cha haki za wanawake. Agosti ni Nane Nane, kitafutwe cha kilimo bora. Oktoba 14 ni siku ya Mwalimu Nyerere, basi watoto wa miaka minne wasomewe kwamba alizaliwa Butiama mwaka 1922, na tarehe nyingine kumi baada ya hiyo. Desemba linafunguliwa lile boksi la msaada, anatolewa mzee wa ndevu nyeupe anayepita kwenye bomba la moshi. Jalada likishataja sikukuu, kazi imekwisha. Hakuna aliyekaa jana yake usiku akakisoma kitabu kwa sauti, hata ukurasa mmoja, asikie kama kinasomeka.

Halafu inakuja adhabu. Kitabu kikifungwa tu, mwalimu anasimama: "Haya watoto, hadithi hii imetufundisha nini?" Kimya. Mmoja anayejua mchezo anajibu, "Tusiwe wavivu." Makofi. Hivi jamani, hata kama hadithi ilikuwa ya samaki? Bibi zetu waliosimulia jikoni, ndizi zikichemka, walianza na "Paukwa" na watoto wakaitikia "Pakawa". Walitaka kuitikiwa. Sikumbuki bibi aliyemaliza hadithi kwa mtihani. Mtoto alibaki na fisi wake kichwani, akalala naye, akaamka naye, na siku moja mbele ya safari akaelewa mwenyewe fisi yule alikuwa nani.

Lakini kinachoniuma zaidi ni Juni 16, Siku ya Mtoto wa Afrika. Siku hii tunaiadhimisha tangu 1991 kuwakumbuka watoto wa Soweto ambao mwaka 1976 waliandamana, na wengi wao wakapigwa risasi na polisi. Waliandamana kwa sababu gani? Walikuwa wanalazimishwa kusomeshwa kwa Kiafrikana. Ulikuwa ugomvi wa lugha ya darasani. Sasa nenda kwenye sherehe za Juni huku mlimani, hasa shule za binafsi zinazojinadi kwa Kiingereza. Utakuta bango la Mtoto wa Afrika ukutani, na chini yake mtoto anasomewa kitabu cha Kiingereza ambacho haelewi neno moja kati ya matatu. Anatabasamu kwa adabu. Nimeshaliona tabasamu hilo mara nyingi mno. Ni la mgeni aliyekaa kwenye harusi ya watu asiowajua.

Najua jibu la wazazi, nimelisikia mpaka nimelikariri: "Babu, acha wazoee, Kiingereza ndiyo maisha." Sawa. Mfundisheni Kiingereza Jumatatu hadi Alhamisi, sina ugomvi nacho. Ila hii nusu saa ya mwisho wa mwezi si somo. Kwa watoto wengi wa hapa ndiyo nusu saa pekee ambayo mtu mzima anawasomea kitabu bila fimbo na bila daftari. Nyumbani vitabu hakuna, na mama akirudi sokoni amechoka. Kile anachokutana nacho mtoto katika nusu saa hiyo ndicho atakachokiita "kitabu" miaka yote. Akikutana na kitu cha kuvumilia, atavumilia mpaka darasa la saba, kisha hatashika kitabu tena. Tukishafika hapo tunaanza kulia kwamba Watanzania hawasomi.

Basi kitabu kichaguliwe vipi? Mimi nina vipimo vitatu, na hakuna hata kimoja kinachouliza leo ni tarehe ngapi.

Cha kwanza ni sikio. Kisome kwa sauti ukiwa peke yako. Kama hakina neno linalorudi, sauti ya mnyama, au swali ambalo watoto watalidaka na kulirusha, kiache kabatini. Cha pili ni jicho la aliyekaa nyuma. Watoto arobaini wakikaa mkekani, picha ndogo zenye rangi za kufifia ni za mstari wa mbele tu. Ndiyo maana nampenda John Kilaka, mchoraji wetu aliyezaliwa Sumbawanga. Wanyama wake wamevaa nguo, wana rangi za Tingatinga, na ukiwa mlangoni unamwona Sokwe mvuvi na Mbwa anayemezea mate samaki wake. Aibu ni yetu kwamba kitabu hicho cha samaki kilitolewa Uswisi kwa Kijerumani mwaka 2001, na mpaka leo nikiwataja walimu jina la Kilaka wengi wananiuliza ni nani.

Cha tatu ni kile kinachobaki. Kitabu kizuri kinaacha kitu ambacho mtoto hawezi kukifupisha. Na hapa niwashangaze wale wenye msimamo mkali kwamba kila cha nje kitupwe. The Snowy Day cha Ezra Jack Keats, cha mwaka 1962, ni kitabu cha theluji ya Marekani, na ninakisoma Mwika bila wasiwasi. Mtoto mweusi anacheza kwenye theluji, anatia donge lake mfukoni, anaingia ndani kwenye joto, na baadaye mfuko ni mtupu. Watoto wetu theluji wanaiona kila mawingu yakifunguka, iko pale juu Kibo. Hawajawahi kuishika. Ukifika kwenye ule mfuko mtupu wanauliza wote kwa pamoja: imeenda wapi? Usijibu. Fungua ukurasa unaofuata.

Kwa vipimo hivyo, tuipitie tena kalenda yenyewe. Kwa Machi 8 ningesoma My Rows and Piles of Coins cha Tololwa Mollel, Mtanzania wa Arusha aliyehamia Kanada. Mtoto anaweka akiba ya sarafu anunue baiskeli, amsaidie mama yake kubeba mizigo ya sokoni. Humo hamna hotuba ya haki. Kuna shingo ya mama na mzigo, na watoto wa Mwika wanaijua shingo hiyo, imepita mlangoni kwao na mkungu wa ndizi kichwani siku ya soko. Kwa Nane Nane ningesoma Kele's Secret, cha Mollel huyohuyo. Mtoto anaishi na bibi na babu kwenye shamba la kahawa na anamfuatilia kuku anayeficha mayai. Nani huku kwetu hajawahi kumtafuta kuku kihambani, chini ya migomba? Kitabu hicho kingeweza kuandikwa kwenye ua wa nyumba yoyote ya hapa.

Mtaniambia: vyote hivyo ni vya Kiingereza, umejifunga mwenyewe. Sijajifunga. Oktoba 14 ipo kwa kazi hiyo. Nyerere alikuwa rais wa nchi, ana kazi kuliko sisi wote, na bado alikaa akaitafsiri Julius Caesar ya Shakespeare ikatoka mwaka 1963, kisha Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Kitabu cha picha ni kifupi. Unashindwaje kukitafsiri jioni moja, kwa penseli, kwenye karatasi unayoibana ndani ya ukurasa? Huko kungekuwa kumkumbuka Mwalimu kuliko kukariri tarehe zake. Angalizo tu: tafsiri kwa Kiswahili kinachotoka mdomoni. Si kile cha barua ya ofisini. Na mahali pa kucheka, tia neno la Kichagga kama una watoto wa nyumbani. Utaona paa linavyotaka kuruka.

Wala tusiseme vya Kiswahili hakuna. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianza mwaka 1991 hasa ili vipatikane. Mkuki na Nyota wanachapisha. Elieshi Lema, yuleyule wa Parched Earth, amewaandikia watoto kwa Kiswahili na kuwachapishia kupitia E&D. Mwenye simu anaweza kuingia African Storybook, akakuta hadithi za Kiswahili zenye picha ambazo zinaruhusiwa kuchapwa na kutafsiriwa bure. Zote ni nzuri? La hasha. Nyingine zinahubiri kuliko mchungaji. Ndiyo maana nasema kuchagua ni kazi, na kazi hiyo haifanywi asubuhi ya sherehe wakati keki imeshafika.

Kwa hiyo walimu, na ninyi wazazi mnaokaa kwenye kamati, nina ombi moja. Mwezi ujao chagueni kitabu kimoja ambacho hakihusiani kabisa na sikukuu yoyote. Kisomeni mara mbili nyumbani. Kisomeni kwa watoto kwa lugha wanayochekea. Mkimaliza, fungeni mdomo. Mtu asiulize tumejifunza nini. Mkae kimya mhesabu mpaka kumi, msikilize watoto watasema nini. Mkisikia "rudia!", basi mmepata kitabu, na sherehe imekuwa sherehe. Msiposikia kitu, kirudisheni kabatini mtafute kingine. Kalenda itawasubiri tu, haina pa kwenda.