Kujua Kuchora Hakutoshi Kushika Sindano

Kijana kamaliza kidato cha nne, ajira hakuna, daftari lake limejaa simba, mawaridi na sura za wasanii. Jirani akiliona anasema: dogo anunuliwe mashine ya tatuu, maisha yake yatanyooka. Maneno haya nayasikia Mwananyamala, nayasikia Tandika, nayasikia mpaka Mbagala Rangi Tatu, tena husemwa kwa nia njema kabisa. Hata hivyo ni maneno ya hatari. Kujua kuchora hakumfanyi mtu mchora tatuu. Kunampa sababu ya kuanza kujifunza, basi.

Karatasi haitoki damu. Ngozi ina tabaka la juu linalopukutika na kujijenga upya kila siku. Wino ukiishia hapo, baada ya wiki chache picha imeondoka. Ukizama mno, unasambaa na mstari unageuka doa lisilo na kingo. Pa kuuweka ni katikati, kina cha milimita 1 hadi 2 hivi, na unene wa ngozi ya mbavuni si sawa na wa begani. Mkono ndio unaopaswa kulihisi hilo, maana wino na damu huwa vimeshaziba macho. Tena ngozi nyeusi ina masharti yake. Sisi ndio tulio katika hatari kubwa zaidi ya kuota makovu yanayovimba kuliko kidonda chenyewe. Rangi ya njano na ya waridi zinazong'aa kwenye picha za Wazungu mtandaoni, kwetu hukaa chini ya weusi wa ngozi na kufifia. Mchoraji asiyeyajua haya anamuuzia mteja picha ambayo hataiona kamwe mwilini mwake.

Lakini picha mbaya ni hasara ndogo. Niliwahi kukaa chumba cha nyuma cha saluni moja ya kiume nikatazama kazi mwanzo hadi mwisho. Sindano ilitolewa mpya kwenye pakiti mbele ya mteja, naye akaridhika. Wino ukamiminwa kwenye kifuniko cha soda. Katikati ya kazi simu ikaita. Fundi akaishika kwa glovu zilezile zenye damu, akaongea, akaiweka kwenye kochi, akarudi begani kwa mteja. Kazi ilipokwisha, wino uliobaki kifunikoni akaurudisha chupani, kwa kuwa wino ni ghali. Mteja aliyefuata naye akafunguliwa sindano mpya, akachorwa kwa wino wa chupa ileile. Na michoro yote miwili ilikuwa mizuri. Yule kijana anajua kuchora kweli.

Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi. Sindano mpya inayochovywa kwenye wino wenye damu ya mtu mwingine haimkingi yeyote. Kufuta chuma kwa spiriti si kukitakasa, na kuchemsha kwenye sufuria kunaacha hai vimelea vyenye ganda gumu. Chuma kinachotumika tena kinahitaji mtambo wa mvuke wenye mgandamizo, nyuzi 121 kwa dakika zisizopungua 15. Nchi hii iligundua wagonjwa wake wa kwanza wa Ukimwi mkoani Kagera mwaka 1983, na kwa miaka mingi tuliimbiwa kwamba kila mtu na wembe wake. Tulielewa. Leo mtu akiingia kwa kinyozi anadai wembe mpya bila kuona haya. Mbona kwenye wino hatuulizi?

Wapo watakaosema wazee wetu walichanjwa chale bila mitambo wala glovu. Ni kweli, na hatari ilikuwepo. Ila wanaoutumia mfano huo wautumie wote. Chale za usoni za Wamakonde, zile pembe na mistari ya kupindapinda iliyosuguliwa masizi, zilikuwa kazi ya fundi aliyetambulika na kulipwa. Kidonda kiliachwa kipone, kikakatwa tena na kupakwa tena mpaka mchoro ukolee. Na hao ni watu ambao vinyago vyao vinatafutwa mpaka leo pale Mwenge. Kwao kuchonga mti vizuri hakukuwa ruhusa ya kumkata mtu uso.

Wanaosema tatuu ni uhuni nao wana sehemu yao katika hili, kwa sababu kazi inayosukumwa chumba cha nyuma haikaguliwi. Bwana afya anamdai mama lishe cheti cha kupimwa afya, na anafanya vizuri. Sheria ya Afya ya Jamii tunayo tangu mwaka 2009. Aingie na kule nyuma ya saluni, aulize chupa, aulize sindano zilizotumika zinatupwa wapi.

Kuna pia maswali ambayo mchoraji lazima amuulize mteja kabla ya kuwasha mashine. Una miaka mingapi? Unataka kazi gani huko mbele? Matangazo ya ajira ya Jeshi la Polisi yamekuwa yakitaka mwombaji asiwe na alama za kuchorwa mwilini. Kumchora mwanafunzi mkononi bila kumwambia hivyo ni kumdhulumu.

Kijana wa Tandika anayetaka kazi hii kwa dhati aanze na chanjo ya homa ya ini aina ya B ikiwa hakuipata utotoni, dozi 3 ndani ya miezi 6, kwa kuwa watoto wachanga walianza kuipata mwaka 2002 na wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawana. Kisha apige mistari kwenye maganda ya machungwa na ya ndizi mpaka mkono utulie. Wenzake wa nje hujifunzia ngozi ya nguruwe, na wauza kitimoto hapa mjini wanayo. Mwislamu atafute ngozi bandia ya silikoni. Na yule jirani mwenye nia njema, hela aliyotaka kununulia mashine ampelekee mchoraji mzoefu anayefanya kazi kwa usafi, amkalishe dogo pembeni yake mwaka mzima akivaa glovu, akisafisha meza, akitazama. Mashine inunuliwe mwisho.