Kilemba cha Ukoka

Mjini Kakamega, katika hoteli ya chai jirani na soko, kijana mmoja aliniuliza: "Mzee, nyinyi mlimzomea Moi lini?"

Nikamjibu upesi: tarehe 30 Desemba 2002, Uhuru Park, alipomkabidhi Kibaki madaraka. Umati ulimzomea, ukamrushia matope.

Kijana akacheka. "Siku ya kuondoka?"

Lahaula! Alitawala miaka 24, na katika miaka hiyo mimi, niliyefunzwa chuoni kwamba ulimi ni amana, nilimtungia beti za sifa zikaimbwa na kwaya Sikukuu ya Jamhuri. Vina vilikuwa safi. Kilemba kilikuwa cha ukoka.

Wamarekani humpima rais wao angali kitini. Watu huulizwa kama wanaridhika naye, na jibu huchapwa magazetini. Februari 1952 walioridhika na Truman walikuwa asilimia 22 tu. Nixon alipojiuzulu Agosti 1974 alibakiwa na 24. Hesabu hizo si hukumu ya mwisho, maana wanahistoria walikuja kumpandisha Truman. Lakini aliyasikia akiwa rais, si mstaafu.

Vijana wetu hawakungoja hesabu. Walimbandika Rais Ruto jina la Zakayo, mtoza ushuru, na Juni 2024 wakaandamana kuupinga Mswada wa Fedha, Kakamega ikiwemo. Tarehe 26 akatangaza kwamba hatautia sahihi. Si wote waliorudi nyumbani.

Kijana yule aliandamana. Nikamlipia chai. Akaniomba beti mbili. Nikamwambia atangulie yeye, nami nitamjibu.