Bi Harusi, Usilipie Kamera, Lipia Jicho



Sisi tunaoshona nguo za harusi huku Mbulumbulu, Karatu, swali tunalolisikia kila msimu ni moja: "Mpiga picha wenu ana kamera gani?" Hatusikii mtu akiuliza kama anaujua mwanga. Leo tunalisema wazi: mnauziwa jina la kamera kwa pesa za michango ya wazee wenu.

Cherehani haikati kitambaa. Fundi asiyejua vipimo atakuharibia hariri hata kwa cherehani ya umeme, na anayejua atakupendeza kwa ya kukanyaga. Picha nayo ni hivyohivyo.

Chukua shela nyeupe. Kamera ikiachwa ijiamulie, huona weupe mwingi, ikadhani mwanga umezidi, ikaupunguza. Shela inatoka ya kijivu na uso wa bi harusi umezama gizani. Anayejua kazi hupima mwanga wa usoni. Na jua letu la saa sita liko utosini, linaacha vivuli machoni. Mjuzi atakusogeza barazani, au atangoja baada ya Alasiri. Hayo hayauzwi dukani.

Mohamed Amin wa Kenya alianza utotoni na Box Brownie, kisanduku tu. Mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia ziliitikisa dunia. Mwaka 1991 alipoteza mkono, akarudi kazini. Seydou Keïta wa Bamako alipiga picha uani kwa mwanga wa jua, nyuma ametundika kitambaa tu, na leo picha zake zinatundikwa makumbusho.

Mtasema ukumbi wa usiku una giza. Kweli, hapo lenzi nzuri inasaidia, na betri ya akiba ni lazima. Vifaa vina kazi yake. Lakini havimjui bi harusi akiwa na haya, wala havijui lini pa kunyamaza mama anapomkumbatia mwanawe.

Tena kuna stara. Wanawake wakivua mitandio upande wao, kamera ya bei gani itazilinda picha hizo? Hiyo ni amana, na amana iko kwa mtu.

Kwa hiyo kabla ya kutoa malipo ya awali, omba kuona picha za harusi moja nzima, si kumi zilizochaguliwa. Tazama nyuso: za weusi na za weupe, zote zinaonekana vizuri? Uliza upande wa wanawake atapiga nani, picha zitakaa wapi, na nani ataziona. Akikujibu kwa kukutajia kamera yake, mshukuru, uondoke.

Allah azijaalie kheri ndoa zenu. Amin.